Shamba Huondoka Mwezi wa Pili

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mbele ya vikundi vya akiba na mikopo vya vijiji vinne vya Wilaya ya Chamwino, Dodoma. Wengi hawakufika, wengine walikuwa wanapura mtama, wengine walikuwa msibani. Wameniomba niiandike, nami nimeiacha karibu kama nilivyoisema, kuanzia na salamu yetu ya Kigogo.

Mbukwenyi! (Mbukwa!) Mbukwenyi tena! (Mbukwa!)

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokaa juu ya pikipiki kule nyuma kama watu wanaosubiri kukimbia mchango. Asanteni kwa kuniita. Mimi ni bwana shamba mstaafu. Miaka yangu yote ya kazi niliwafundisha watu kupanda kwa mistari, na kila nikirudi nakuta mistari imenyooka vizuri, ila shamba limebadilisha mmiliki. Kwa hiyo leo sitazungumzia mbegu.

Nianze na swali. Nani hapa anamfahamu mtu aliyeuza shamba, au sehemu ya shamba? Nyosheni mikono. Haya, naona ni wote. Shusheni. Swali la pili: aliuza mwezi gani? Semeni kwa sauti. Wa kwanza. Wa pili. Wa pili. Mama pale anasema wa tatu mwanzoni. Kuna aliyesikia mwezi wa saba? Mbona kimya? Mwezi wa saba hakuna anayeuza shamba, kwa sababu mwezi wa saba ana debe la mtama ndani na kuku uani, na mnunuzi akija atamwambia, "Kaka, kaa kwanza tunywe togwa, mengine tutaongea." Mwezi wa pili hamwambii akae. Mwezi wa pili anamuuliza, "Umekuja na hela?"

Hilo ndilo nililokuja kusema leo. Tumezoea kusema ardhi yetu inaporwa, na kweli inaporwa, nitafika huko. Ila sehemu kubwa ya ardhi niliyoiona ikiondoka kwa macho yangu haikuondoka kwa bunduki wala kwa trekta. Iliondoka kwa njaa ya wiki sita, na mwenye shamba alitia sahihi mwenyewe.

Tuiangalie hiyo kalenda yetu. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima tunapata milimita mia tano, mia sita, ukibahatika zaidi kidogo. Mwezi wa kumi na mbili tunapanda. Mwezi wa kwanza shule zinafunguliwa: sare, madaftari, michango. Huo huo ndio mwezi wa palizi. Mwezi wa pili ghala limekwisha, mbu wamezaliana, mtoto ana homa. Sasa mtu mwenye njaa anafanya nini? Anakwenda kibarua cha palizi kwa jirani ili apate unga wa leo. Na shamba lake nani analipalilia? Hakuna! Magugu yanakula mtama wake wakati yeye anaukomboa mtama wa mwenzake. Mwezi wa tano anavuna magunia matatu badala ya sita. Kwa hiyo mwakani ghala litaisha lini? Hata mwezi wa kwanza halitafika. Mnaona hesabu inavyokwenda? Mtu huyu si mvivu. Amefanya kazi kuliko wote, ila kwenye shamba lisilo lake.

Watani zetu wanatucheka kwamba Mgogo na bakuli la kuomba hawaachani. Wacheke tu, utani ni utani. Ila wangeuliza bakuli linatoka nyumbani mwezi gani, wangejua siri yetu yote.

Nimkumbuke mama mmoja, jina lake nalificha. Alikuwa na ekari mbili upande wa magharibi wa mji. Mwaka 2016 ilipotangazwa kwamba Serikali inahamia Dodoma kweli kweli, si kama ule mpango wa 1973 tuliouimba hadi tukazeeka, madalali walianza kupita kwenye mashamba kama kumbikumbi baada ya mvua. Mama akawafukuza. Akawafukuza mwaka mzima. Kisha mwezi wa pili mjukuu akalazwa. Dalali yule yule akarudi, safari hii na maembe ya mgonjwa. Ekari moja ikaondoka kwa bei ya magunia manne ya mahindi. Magunia manne!

Sasa fanyeni hesabu nami. Ekari moja ni mita za mraba elfu nne na kidogo. Ukitoa njia za kupita, unapata viwanja vinane vya mita 20 kwa 20. Kiwanja kimoja tu kilirudisha fedha yote aliyopewa mama na chenji ikabaki. Vile saba vilikuwa faida. Ekari ya pili ilifuata baada ya miaka miwili, nayo mwezi wa pili.

Nilimkuta mama yule msimu uliopita akiwa na kikapu, amesimama kwenye geti la nyumba ya bati la bluu. Nikamuuliza, "Shikamoo mama, unamsubiri nani?" Akanijibu, "Marahaba mwanangu. Namsubiri mwenye nyumba aje, nimwombe nichume mlenda pale pembeni kabla hawajapajenga." Mlenda ule ulijiotea wenyewe, kwenye udongo alioulima miaka thelathini. Anaomba ruhusa. Na niseme ukweli, mwenye nyumba si mtu mbaya, alimruhusu. Lakini nilipofika kwenye baiskeli yangu sikuweza kupanda mara moja.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi kwa heshima zote nawapinga wahenga. Kwetu hata kukopa ni matanga! Nani hapa aliyekopa akicheka? Mtu anakopa akiwa na mgonjwa mgongoni.

Na msidhani babu zetu hawakujua kukopa. Walikopa sana. Lakini deni lao lilikuwa na maziwa ndani yake. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwenye zizi moja. Aliwatawanya kwa jamaa na majirani, huku wawili, kule watatu. Aliyepokea aliwachunga, akakamua, watoto wakanywa. Ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, upande mwingine umebaki. Mwenye mali alilindwa na asiye na mali alilindwa. Hakuna aliyeamka asubuhi akakuta deni limekua usiku.

Kilichovunja utaratibu ule ni kitu gani? Wazee wanaikumbuka Mtunya kwa kusimuliwa. Njaa ile ya 1917 hadi 1920 haikuletwa na jua peke yake. Ilikuwa vita ya Wajerumani na Waingereza. Majeshi yalipita Ugogo yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kuwa wapagazi. Mvua ilipogoma, ile akiba ya kwenye mazizi ya majirani haikuwepo tena, kwa sababu mazizi yote yalikuwa yameshafagiliwa. Njaa hutokea mbinguni, sawa, lakini aliyekuondolea akiba yako anatembea kwa miguu miwili hapa hapa duniani.

Nitoke kidogo nje ya nchi, halafu nitarudi haraka. Kule mashariki ya India kuna watu wa asili wanaoitwa Wasanthal. Ni wakulima kama sisi, walifyeka msitu kwa mikono yao wakaupata udongo. Wakaja wafanyabiashara wakopeshaji. Msimu wa njaa wanawakopesha mchele, msimu wa mavuno wanakuja kuchukua. Na walikuwa na vikapu viwili vya kupimia: kikubwa cha kununulia kutoka kwa Msanthal, na kidogo cha kumuuzia. Vikapu viwili! Deni haliishi kwa sababu kikapu hakilingani. Mwisho mtu anatoa shamba, na shamba lisipotosha anatoa mwili wake, anamlimia mkopeshaji hadi afe na mtoto arithi deni.

Tarehe 30 Juni 1855 ndugu wawili, Sidhu na Kanhu, waliwaita wenzao kijijini kwao Bhognadih. Walikuja maelfu, na kutoka pale wakainuka. Waingereza waliwapiga kwa bunduki. Wasanthal walikuwa na pinde na mishale. Walikufa maelfu. Baadaye sheria zilikuja, moja mwaka 1908 kwa jirani zao wa Chota Nagpur, nyingine 1949 kwa Wasanthal wenyewe, kwamba ardhi ya watu wa makabila isiuziwe mtu wa nje. Je, ardhi iliacha kuondoka? Ilipungua kuondoka mlango wa mbele. Ikapita mlango wa nyuma: rehani za mdomo, kupangisha kusikokwisha, shamba kuandikwa jina la mtu mwingine.

Mnanitazama kama mtu aliyewapeleka mbali. Haya, twendeni karibu. Nani hapa hajui lumbesa? Naona mnacheka. Gunia halali halizidi kilo 100. Lumbesa ina kilemba juu, imeshonewa kofia kama bwana harusi. Mnunuzi anakuja mwezi wa sita, anasema, "Bei ya gunia ni hii," na gunia lake limebeba debe saba na nusu, nane. Mwezi wa pili unakwenda dukani kununua mahindi yale yale. Unauziwa lumbesa? Unapimiwa kwa kopo, na kopo lenyewe limepondwa kitako! Hivyo ni vikapu viwili, ndugu zangu. Vya Wasanthal vilikuwa vya mianzi, vya kwetu ni vya salfeti na bati.

Mbaya zaidi ni mazao yanayouzwa yakiwa bado yamesimama shambani. Wenzetu wa Kagera kwenye kahawa wanaita butura. Wa Mtwara na Lindi kwenye korosho wana kangomba yao. Sisi biashara hiyo hatujaipa hata jina, labda kwa aibu. Mtu anachukua pesa ya gunia moja mwezi wa pili, mwezi wa sita anatoa mawili. Hiyo ni riba ya asilimia mia kwa miezi minne, na hakuna karatasi.

Na mikopo yenye karatasi? Tuiseme: kausha damu. Mama mmoja wa genge alinionyesha daftari lake. Alichukua shilingi 100,000. Kila siku anarudisha 5,000, kwa siku 30. Nipeni jibu. 150,000! Alilipia 50,000 kwa mwezi mmoja. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, hawa wasiopokea amana, kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja ni shilingi 3,500. Elfu tatu na mia tano, elfu hamsini. Hizo namba mbili andikeni ukutani jikoni. Mkopeshaji akifika mwombeni leseni kabla ya kumpa kiti.

Kuna karatasi nyingine niliyoiona, ndiyo iliyonifanya nikubali kuja hapa. Kijana alidhani amesaini mkataba wa mkopo. Alikopa mwezi wa kwanza kununua mbegu na dawa. Nikausoma: yalikuwa mauziano ya shamba. Bei imeandikwa, mashahidi wametia sahihi, muhuri upo, tarehe imeachwa wazi. Yaani siku akichelewa rejesho moja, tarehe inajazwa. Shamba lilikuwa limeshauzwa siku ile ile alipokopa, yeye tu ndiye hakuambiwa. Muhuri aliugonga nani? Sitaji mtu. Aliyegonga anajua, na wengine hapa mnajua.

Sasa wale wanaosema, "Bwana shamba, unawalaumu maskini, mbona wakubwa huwagusi?" Nawagusa. Kongwa hapo jirani, Waingereza walikuja 1947 na mradi wa karanga. Walileta matrekta makubwa kufyeka msitu, hawakutaka kumuuliza mwenyeji mvua inanyesha vipi. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, pauni milioni nyingi zimeteketea. Karanga walizovuna zilikuwa kiduchu, lakini je, ardhi walimrudishia aliyekuwa akichungia pale? Sehemu kubwa ikabaki ranchi.

Na Basotu, kule Hanang, kwa ndugu zetu Wabarabaig. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 shirika la umma kwa msaada wa Kanada lilichukua karibu ekari laki moja za malisho bora kulima ngano. Makaburi ya wazee wao, yale ya udongo wanayoyaita bung'eda, yakapitiwa na jembe la trekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani miaka ya 1980. Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Mahakama ya Rufani ikaupindua. Kwa nini? Sababu moja kubwa ni kwamba kijiji hakikuweza kuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile kisheria. Walikuwepo, walichunga, walizika pale. Lakini karatasi?

Ndiyo maana ilikuja Tume ya Rais ya masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji mwaka 1991, na baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika 2001. Sheria ile inasema haki ya kimila ina hadhi sawa na hati ya mjini. Inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali. Inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Na shamba likitaka kuhamishwa, halmashauri ya kijiji inapaswa kuliangalia jambo hilo, na kukataa ikiwa litamwondolea mwanamke haki yake. Nimesema halmashauri ya kijiji. Sikusema mwenyekiti na muhuri wake chini ya mti wa mkwaju saa kumi na mbili jioni!

Basi nipige kampeni ya hati za kimila? Hapa nitawaudhi marafiki zangu wa miradi. Pimeni, ndiyo. Chukueni hati, ndiyo, na majina ya mke na mume yawe mawili. Lakini msiimbe kwamba hati itawapa mkopo wa benki. Kila anayekuja hapa na kipaza sauti anasema, "Hati ni dhamana, utakopesheka!" Hasemi sentensi ya pili: dhamana maana yake ni kitu utakachonyang'anywa. Kwenye nchi ya mvua ya miezi minne, mwaka mmoja kati ya michache unakauka, unataka kuweka shamba la ukoo rehani kwa sababu ya mfuko wa mbegu? Hati ikae sandukuni ikulinde na mpimaji na dalali. Ukitaka kukopa, weka dhamana kitu ambacho kikienda utalala njaa wiki moja, si vizazi vitatu.

Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, nne kwa wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 na sasa imerudi. Ombeni sasa, mwaka wa fedha umeanza Julai. Msisubiri mwezi wa kwanza, maana pesa ikija mwezi wa tatu itakuta shamba limeshauzwa.

Lakini sikuja kuwaambia mkakope. Nimekuja kuomba kitu kidogo hadi kinatia aibu kukisema kwenye mkutano mkubwa. Gunia moja. Kila kaya iliyovuna zaidi ya magunia matano, iweke gunia moja kwenye ghala la kikundi mwezi huu, kabla lumbesa haijapita. Lisiguswe hadi tarehe mosi Januari. Kuanzia hapo mwenye njaa anakopa debe, na anarudisha debe na kopo moja, kopo hilo la panya na la mwaka mbaya. Anakopa nani? Yule aliye hatarini kuacha palizi yake. Mkimwokoa mtu huyu wiki sita, mmeokoa mavuno yake, na mmeokoa ekari yake. Wiki sita tu!

Najua mtakachosema. "Tulishawahi kuwa na ghala la kijiji, viongozi wakala." Ni kweli, walikula, na mmoja wao alinipa mimi chai kwenye mahindi yale bila mimi kujua. Kwa hiyo ghala tusiwape viongozi. Sanduku lenu la hisa lina kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu, na sijasikia limeliwa. Ghala liwe hivyo hivyo. Na wale watatu wasiwe wa ukoo mmoja, tafadhali, tunajuana.

Kuna mtu ameuliza pale pembeni kama mimi mwenyewe nitachangia au nimekuja na mdomo tu. Swali zuri, shangazi, nilikuwa nalisubiri. Nyuma ya ile pikapu kuna magunia mawili ya mtama wangu, na mizani nimeazima. Vijana mliokaa kwenye pikipiki, njooni myashushe. Mpime mbele ya watu wote, kwa kilo. Debe liacheni hapo hapo kwenye gari.